Nyumba Imenuna: Kutafuta Ugonjwa wa Modemu ya Kidhibiti cha Nyumba, na Kuibadilisha Bila Kupoteza Vifaa

"Fundi, nyumba imenuna. Taa haziitiki, pampu haipandishi maji, na geti nimelifungua kwa mkono."

Simu za namna hii huja asubuhi, baada ya usiku ambao umeme umekatika ukarudi mara mbili tatu. Anayepiga huwa ameshatoa hukumu: modemu imekufa, anataka tu aelekezwe duka Kariakoo. Mara nyingi modemu ni nzima. Na pale inapokuwa imekufa kweli, hasara kubwa haiko kwenye bei ya kununua nyingine. Iko kwenye kuchomeka mpya kwa pupa, halafu unakuta taa, soketi na sensa zote zinaitazama kama mgeni.

Tuelewane kwanza. Modemu ninayoizungumzia siyo ile ya intaneti. Ni kile kijiti cha USB, au kibao kidogo ndani ya boksi la kidhibiti, kinachochukua amri za kidhibiti na kuzirusha kwa redio hadi kwenye taa na pampu. Kidhibiti ndicho kinachoamua. Modemu ndiyo inayosema na kusikia. Nitazungumza zaidi juu ya Zigbee, aina ya mtandao wa redio wa vifaa vya nyumbani, kwa sababu ndiyo ninayokutana nayo majumbani. Zile za kutumia nyaya za umeme, ambazo ndugu hutuletea kutoka Marekani, nimezitengea sehemu yake chini.

Jambo la kushika kabla ya kugusa chochote: modemu ina daftari. Ndani yake kuna ufunguo wa siri wa mtandao wa nyumba yako, namba ya mtandao, chaneli, na anwani ya modemu yenyewe. Kila taa uliyosajili inaukumbuka ufunguo huo. Daftari likipotea, mtandao umepotea, hata kama vifaa vyote ni vizima ukutani. Kwa hiyo usibonyeze kitufe cha kurudisha mipangilio ya kiwandani "tuone itakuwaje". Usifute vifaa kwenye orodha ya kidhibiti kwa sababu vimeandikwa havipatikani. Na kama kidhibiti bado kinafunguka kwenye simu au kompyuta, ingia sasa hivi, tafuta nakala rudufu, ihifadhi nje ya kidhibiti: kwenye kompyuta, flashi, hata barua pepe yako. Ukiihifadhi barua pepe, hakikisha nywila yake ni imara, maana humo mna ufunguo wa nyumba.

Vifaa vya kufanyia kazi ni vichache: mita ya kupimia umeme, adapta ya pili unayoiamini, waya wa USB wa kurefushia wa mita moja hivi, na kompyuta yoyote ya kujaribia.

Vifaa vyote vimekufa kwa pamoja, na modemu haina uhai

Anza na soketi. Soketi zetu zina swichi, na nyumba nyingi za Dar zina desturi nzuri ya kuzima kila soketi kabla ya kulala au kusafiri, kwa kuogopa hitilafu ya umeme. Anayezima hajui kwamba kile kiboksi nyuma ya televisheni ndicho kinachoendesha pampu. Uliza watu wa nyumbani kwa upole, hakuna mwenye kosa. Kisha bandika kipande cha karatasi juu ya swichi hiyo: USIZIME.

Soketi ikiwa imewashwa, mtuhumiwa wa kwanza ni adapta. Hapa naomba twende polepole, kwa sababu hapa ndipo watu wanapotupa modemu nzima.

Adapta ndiyo inayokaa mbele ya umeme wa ukutani. Umeme ukikatika haidhuriki. Hudhurika umeme unaporudi, pale mafriji na viyoyozi vya mtaa mzima vinapoamka kwa pamoja na volti kupanda na kushuka. Adapta iliyochoka haifi kabisa. Ukiipima ikiwa haijabeba mzigo, mita itakuonyesha volti 5 safi, nawe utasema ni nzima. Ikishaanza kubeba kidhibiti na modemu, volti zinaporomoka. Kidhibiti cha Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya kibao kimoja, huanza kulalamika kwamba umeme ni mdogo volti zikishuka hadi karibu 4.63, na kama kina skrini utaona alama ya radi pembeni. Modemu huwa ya kwanza kuzimia kwa sababu inakula umeme uliobaki baada ya kidhibiti kushiba.

Kwa hiyo usipime adapta peke yake. Ipime ikiwa kazini, kwa kipima volti kidogo cha USB, au fanya jambo rahisi zaidi: weka adapta nyingine nzima uangalie. Raspberry Pi 4 inataka adapta ya volti 5.1 na ampea 3. Raspberry Pi 5 imetengenezewa adapta ya ampea 5. Chaja ya simu iliyookotwa kwenye droo haitoshi, hata kama tundu linaingia. Kama kidhibiti chako ni boksi la kampuni, soma maandishi ya adapta ya zamani: volti lazima ziwe zile zile, ampea ziwe sawa au zaidi, na kwa adapta za pini ya duara, alama ya chanya na hasi ifanane. Volti 12 kwenye boksi la volti 5 ni kifo cha papo hapo, na hapo ndipo utakuwa umeiua modemu kwa mkono wako.

Baada ya adapta, angalia waya. Nyaya nyingi zinazouzwa za kuchajia simu zina njia ya umeme tu, hazina njia ya data. Modemu itawaka na haitasema neno. Halafu hamisha modemu kwenye tundu jingine la USB. Matundu hulegea, na kwa nyumba za karibu na bahari, pini hushika kutu ya kijani.

Mwisho kabisa ndiyo uitilie shaka modemu. Ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, bila waya wa kurefushia. Kwenye Linux andika `lsusb`, amri inayoorodhesha vifaa vya USB. Kwenye Windows fungua orodha ya vifaa (Device Manager) uone kama kuna kipya kinachotokea na kutoweka unapochomeka na kuchomoa. Jaribu kompyuta mbili. Isipoonekana kote kuwili, hiyo imekufa, nenda sehemu ya kubadilisha. Ikionekana, rudi nyuma: tatizo liko kwenye adapta, waya au kidhibiti. Usiihukumu kwa taa yake pekee, kwani baadhi ya vijiti havina taa, na vingine taa yake huzimwa na programu.

Dalili ambazo zinataka uache hapo hapo

Nazileta hapa katikati ili usizipite ukiwa na haraka ya kuwasha pampu.

Ukisikia harufu ya plastiki iliyoungua, ukaona adapta imebadilika rangi au imevimba, ukasikia sauti ya kukaanga ndani ya soketi, usiguse plagi. Zima kwenye sakiti breka, ndipo uchomoe. Kukiwa na moshi au moto, toa watu nje na piga 114, Zimamoto. Usimwage maji.

Nyingine ni hii: taa za chumba kimoja zinawaka kali kupita kawaida huku za chumba kingine zimefifia, au feni zinazunguka kwa nguvu zisizo za kawaida. Hiyo siyo modemu wala kidhibiti. Inawezekana waya wa nyutro umelegea au umekatika, na katika nyumba ya fezi tatu vifaa vya volti 230 vinaweza kupata volti zinazokaribia 400. Zima swichi kuu mara moja, usijaribu kuchunguza, waite TANESCO kwa upande wa nguzo na mita, na fundi mwenye leseni ya EWURA kwa nyaya za ndani. Modemu isubiri.

Vilevile kama unapigwa shoti kidogo ukigusa boksi la chuma la kidhibiti au la pampu, waya wa ethi una kasoro. Hapo hakuna cha kujaribu mwenyewe, hasa pale pampu na maji vinapokutana.

Modemu inawaka, lakini kidhibiti kinasema haipo

Hii hutokea zaidi baada ya kidhibiti kuzimika ghafla na kuwaka tena, au baada ya kusasisha programu.

Sababu ya kawaida ni jina kubadilika. Kidhibiti kinachotumia Linux huipa modemu jina kama `/dev/ttyUSB0`. Ukiwa na kijiti kingine cha USB, baada ya kuwaka upya majina yanaweza kubadilishana: jana ilikuwa 0, leo ni 1. Programu inabisha mlango wa jana. Dawa yake ni kutumia njia ndefu iliyo chini ya `/dev/serial/by-id/`, ambayo ina jina na namba ya kijiti chenyewe, haibadiliki hata ukihamisha tundu. Rekebisha mara moja na shida hii hutaiona tena.

Sababu ya pili: programu mbili zinagombea modemu moja. Mtu ana Home Assistant, programu ya kuendesha nyumba, akaweka ndani yake ZHA, sehemu inayoongea na modemu ya Zigbee, baadaye akasikia Zigbee2MQTT, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, ni nzuri akaiweka bila kuiondoa ya kwanza. Modemu ya Zigbee inatumikia programu moja tu kwa wakati. Inayowahi kuamka inaishika, nyingine inalalamika haipo. Ndiyo maana tatizo linakuja na kupotea bila mpango. Zima moja kabisa.

Ya tatu, kidhibiti kiliamka kabla modemu haijawa tayari. Zima kila kitu, chomoa modemu, hesabu hadi 30, irudishe, kisha washa kidhibiti. Kuwasha upya kwa kubofya kwenye skrini mara nyingi hakukati umeme wa USB, kwa hiyo modemu iliyoganda hubaki imeganda. Lazima ichomolewe kweli.

Kama kidhibiti chako kinaishi ndani ya kompyuta pepe (virtual machine), hakikisha USB bado imekabidhiwa huko ndani. Na kama yote haya yameshindikana, inawezekana programu ya ndani ya modemu imeharibika, labda umeme ulikatika katikati ya kusasisha. Inaandikika upya kwa kompyuta, lakini uwe na faili sahihi la aina hiyo hasa. Huna uhakika wa aina? Usiandike, mpe anayejua.

Inafanya kazi siku mbili, inaganda, ukiichomoa na kuirudisha inapona

Huu ndio ugonjwa unaochosha, kwa sababu kila ukimwita fundi unamkuta mgonjwa amepona.

Kabla ya joto na kutu, angalia modemu imechomekwa wapi. Vijiti vingi nimevikuta vimechomekwa moja kwa moja kwenye tundu la bluu la USB 3, kando ya diski ya nje. USB 3 inapofanya kazi hutoa kelele za redio katika masafa ya gigahezi 2.4, na Zigbee inaongea humo humo. Modemu inakuwa kama mtu anayejaribu kusikiliza simu kando ya mashine ya kusaga. Hamishia kwenye tundu jeusi la USB 2 na weka ule waya wa kurefushia ili ikae mbali na kidhibiti na diski. Kwa kweli, kama utafanya jambo moja tu kati ya yote niliyoandika, na likawa hili la waya wa mita moja, nitashukuru.

Baada ya hapo ni joto. Kidhibiti kilichofungiwa kwenye kabati la televisheni, juu ya ving'amuzi, mwezi wa Februari, hakipati hewa. Gusa kwa nyuma ya mkono. Kama huwezi kuushikilia hapo, kihamishe. Usikiweke darini chini ya bati hata kama waya ni mfupi kufika huko.

Kisha unyevu na chumvi. Nyumba za Kigamboni, Msasani, Mbezi Beach, zile zinazopata upepo wa bahari dirishani, huwa na kutu kwenye pini hata za vifaa vya mwaka mmoja. Ukiona vumbi jeupe au la kijani, chomoa umeme, safisha kwa spiriti kali ya asilimia 90 na zaidi na brashi laini, acha ikauke kabisa. Spiriti ya kusafishia vidonda ina maji mengi mno kwa kazi hii.

Cha mwisho ni kapasita, vile vipipa vidogo vinavyotunza chaji kwenye kibao. Kapasita za aina ya elektroliti zina majimaji ndani, na majimaji hukauka. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzijoto 10 ukipunguza, maisha yake yanazidi mara mbili. Na ukiongeza, yanakatika nusu. Iliyochoka huvimba kichwani au huvuja, lakini nyingine inabaki na sura nzuri ilhali imekauka. Ukiibadilisha, uwezo wake wa mikrofaradi ubaki ule ule, volti ziwe sawa au zaidi, chukua ya nyuzi 105, na upande wa hasi ukae palepale.

Onyo ni hili. Kijiti cha USB cha volti 5 unaweza kukifungua bila hofu. Adapta, au modemu inayochomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, usiifungue kama huna mafunzo. Kapasita kubwa ya ndani, kwa umeme wetu wa volti 230, hujaa hadi takriban volti 325, na hubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa. Mpelekee fundi wa elektroniki mwenye meza yake na vifaa vyake.

Vya karibu vinaitika, vya mbali vimekaa kimya

Hapa karibu siku zote modemu haina hatia.

Katika Zigbee, kifaa kinachokula umeme wa ukutani, kama soketi janja au swichi ya ndani ya ukuta, kwa kawaida hupitisha pia ujumbe wa wenzake. Sensa ya tenki la maji kule nyuma inaweza kuwa inaongea kupitia soketi ya jikoni. Mtu akizima soketi ya jikoni, sensa ya tenki inapotea, na wewe unakwenda kuhangaika na tenki. Ndivyo ilivyo pia kwa balbu janja iliyozimwa kwa swichi ya ukutani. Washa vyote, subiri saa chache, vitafute njia vyenyewe.

Kama vyote vinawaka, fikiria nini kimebadilika. Je, ruta mpya imewekwa juu ya modemu? Zitenganishe angalau mita moja au mbili. Ukuta umeongezwa? Zege lenye nondo na mlango wa chuma hula mawimbi, na kidhibiti ndani ya boksi la chuma la umeme ni kama kimefungwa mdomo. Ongeza soketi janja moja katikati ya njia.

Kuhusu chaneli: waifai ya gigahezi 2.4 kwa kawaida hukaa chaneli 1, 6 au 11. Nafasi tulivu kwa Zigbee zinabaki 15, 20 na 25. Ipo pia 26, ila si vifaa vyote vinavyoifika vizuri. Lakini usikimbilie kubadilisha chaneli ya Zigbee, maana baadhi ya vifaa vitakataa kufuata na itabidi uvisajili upya. Badilisha chaneli ya ruta, ambayo haimuumizi mtu.

Nyumbani inaitika, nikiwa Posta haiitiki

Bando limeisha, au laini ya ruta imefungiwa, au ruta imeganda. Modemu ya nyumba haihusiki kabisa. Kama nyumba yako inakufa intaneti inapokatika hata ukiwa umekaa sebuleni, kidhibiti chako kinategemea seva za mbali. Jirekebishe mapema: mwaka 2022, mwezi wa Aprili, seva za Insteon, kampuni ya vifaa vya nyumba janja huko Marekani, zilizimika ghafla na wateja wakabaki na programu zisizofanya kazi kwenye simu, hadi kampuni iliponunuliwa miezi michache baadaye. Waliokuwa na kidhibiti kinachoamua kikiwa ndani ya nyumba yao waliendelea kuwasha taa.

Modemu ya nyaya za umeme iliyotoka Marekani

Nimeshaitwa mara kadhaa kwenye nyumba ambazo ndugu wa nje ameleta boksi zima kwa upendo: swichi, modemu, kidhibiti. Mifumo kama X10 na Insteon husafirisha amri juu ya waya wa umeme wenyewe. Modemu ya Insteon ya 2413 inajulikana kwa kufa baada ya miaka michache kwa sababu ya kapasita zake, na wengi huko kwao huzifufua kwa kubadilisha kapasita hizo.

Ila huku kwetu kuna kikwazo cha mwanzo. Zile za soko la Marekani zimetengenezewa volti 120 na hezi 60. Ukizichomeka kwenye volti 230 zinaungua, nyingine kwa mlipuko. Transfoma ya kushusha itakupa volti 120, lakini hezi zitabaki 50, na mifumo hii hupanga ujumbe wake kwa kufuata mapigo ya wimbi la umeme. Juu ya hayo, swichi zenyewe za ukutani haziwezi kupitia transfoma ya mezani. Ushauri wangu wa dhati: usitumie hata shilingi kuzifufua. Mshukuru ndugu, na mwambie safari ijayo aangalie maandishi "100–240V, 50/60Hz".

Kubadilisha modemu iliyokufa

Umeshahakikisha kwa kompyuta mbili kwamba imekufa. Sasa usikimbie.

Tafuta nakala ya daftari. Zigbee2MQTT huiweka kwenye faili liitwalo `coordinator_backup.json` ndani ya folda yake. ZHA hutunza nakala zake yenyewe mara kwa mara. Chukua nakala nzima ya kidhibiti pia. Kama kadi ya kumbukumbu ya kidhibiti ina umri mkubwa, huu ndio wakati wa kuibadilisha.

Nunua ya familia ile ile. Jina la nje halitoshi, uliza chipu. Sonoff wanauza vijiti viwili vinavyofanana kwa sura: cha P kina chipu ya Texas Instruments, CC2652P, na cha E kina ya Silicon Labs, EFR32MG21. Kuhama kutoka familia moja kwenda nyingine kunawezekana kwa baadhi ya programu, lakini ukibaki ulipo kazi ni nyepesi na salama. Muuzaji akikuonyesha ya chipu ya CC2531 kwa sababu bei yake ni ndogo, mkatalie kwa heshima: ni ya zamani, na inalemewa vifaa vikizidi takriban 20 vilivyoungana nayo moja kwa moja. Dukani omba waichomeke kwenye kompyuta uone kama inatambulika.

Kisha fanya hivi:

1. Zima programu ya Zigbee, ondoa modemu ya zamani, iweke mbali. Modemu mbili zenye anwani moja zisiwake kwa wakati mmoja ndani ya nyumba.
2. Chomeka mpya kwa waya wa kurefushia, tundu la USB 2, na uandike njia yake mpya ya `by-id` kwenye mipangilio.
3. Rudisha nakala. Kwenye ZHA kuna hatua ya kuhamisha redio. Zigbee2MQTT husoma faili lake inapoanza. Programu ikikuuliza kama iandike anwani ya zamani kwenye modemu mpya, ndiyo unayoitaka, lakini soma onyo lake lote: baadhi ya modemu anwani huandikika mara moja tu.
4. Washa, kisha usiguse. Swichi na soketi hurudi ndani ya dakika kadhaa. Sensa za betri hulala, nyingine zitachukua saa nyingi. Amsha moja moja kwa kubonyeza kitufe chake mara moja tu, usikishikilie, maana kukishikilia ni kuifuta.

Huna nakala? Basi kaa na familia, waambie pampu itawashwa kwa mkono leo. Unda mtandao mpya, sajili upya kila kifaa, ukianza na vya umeme wa ukutani vilivyo karibu na modemu, ukisonga nje kama anayetandika mkeka, na sensa za betri ziwe za mwisho, kila moja ikiwa mahali pake pa kudumu. Tumia majina yale yale ya zamani ili ratiba zako zisivunjike. Nyumba yenye vifaa 30 itakumalizia siku nzima. Jioni hiyo hiyo, kabla ya kulala, toa nakala.

Kipe pia kidhibiti kinga. Kile kifaa cha kulinda friji, kinachosubiri dakika chache umeme ukirudi kabla ya kuuruhusu, kinafaa pia kwa kidhibiti, na UPS ndogo, yenye betri yake ndani, ni bora zaidi. Wakati wa masika chomoa kidhibiti radi zikikaribia. Hakuna kifaa cha dukani kinachozuia radi iliyopiga nguzo ya karibu.

Ukimaliza, zima sakiti breka ya upande huo wa nyumba kwa makusudi, kaa dakika 5, washa, halafu usiguse chochote. Kidhibiti kikirudi chenyewe, modemu ikaonekana, na taa ya varanda ikawaka saa 12:45 jioni kama ulivyoipangia, funga boksi, rudisha karatasi ya USIZIME mahali pake.